Tezi yenye chokaa chini ya taya ya nguruwe mwitu: ulikata nini, na nani yuko hatarini?

*"Ninaishi Extremadura, Hispania, na kila msimu wa uwindaji hupata kibarua cha kuchuna na kupasua wanyama baada ya misako. Wiki tatu zilizopita nilipasua nguruwe mwitu jike, mnene, asiye na dalili yoyote ya ugonjwa. Chini ya taya nikakuta tezi mbili zilizovimba, kila moja inakaribia ukubwa wa yai dogo. Nilipozikata, ndani mlikuwa na kitu kikavu, cheupe chenye unjano, kama jibini, na kisu kilikwaruza kana kwamba kimegusa mchanga. Mwenzangu, ambaye ni mwenyeji, alisema ni usaha wa jeraha la zamani, nikate nitupe, na mnyama mnene kiasi kile hawezi kuwa mgonjwa. Mapafu sikuyatazama, na hakuna daktari aliyemkagua mnyama huyo kwa kuwa alikuwa wa kugawana. Mbwa walikula matumbo. Mimi nilipewa paja. Nusu tulilipika tukala na watoto, nusu liko kwenye friza. Sikuvaa glavu, na nilikuwa na mchubuko kidoleni. Sasa naambiwa huenda ulikuwa kifua kikuu. Nilichanjwa utotoni na kovu ninalo begani. Je, mimi na wanangu tumeambukizwa? Na ndugu zangu Tanzania wanaokula ngiri, nao wako salama?"*

Ndugu msomaji, swali lako limebeba maswali kadhaa, na lile linalokunyima usingizi, yaani la watoto, ndilo lenye jibu jepesi kuliko yote. Basi nianze nalo. Ikiwa paja hilo lilipikwa likaiva mpaka ndani, pasibaki wekundu karibu na mfupa, halikuwapa wanao kifua kikuu. Bakteria wa ugonjwa huu hawahimili moto: maziwa husalimishwa kwa kupashwa hadi sentigredi 63 kwa nusu saa, au 72 kwa sekunde 15, na viwango hivyo vinawaua. Sufuria iliyotokota kwa saa nzima imevuka mpaka huo zamani. Tena vidonda vya ugonjwa huu hukaa katika tezi, mapafu, maini na wengu. Ndani ya misuli yenyewe ni nadra sana kuvikuta. Mtu aliyeikaribia hatari katika mkasa huu ni wewe uliyeshika kisu, na hata kwako hatari hiyo si kubwa kiasi unachokihofia, ingawa si ya kupuuzwa.

Sasa tuje kwenye zile tezi. Umezieleza vizuri sana, na kwa maelezo hayo, katika mkoa huo na kwa mnyama huyo, mtaalamu yeyote wa patholojia ya wanyama ataanza na dhana moja: hicho ni kifua kikuu mpaka maabara ikanushe. Ukanda unaotoka Extremadura, ukapita Ciudad Real na Montes de Toledo, hadi mbuga ya Doñana kule Andalucía, ni miongoni mwa maeneo ya Ulaya ambako maambukizi haya yameshamiri zaidi kwa wanyamapori. Uchunguzi wa Doñana uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta takriban nusu ya nguruwe mwitu waliopimwa wameambukizwa, na zaidi ya robo ya kulungu wekundu. Kwa hiyo hukukutana na kioja. Yamkini hata hao wa misimu iliyopita baadhi yao walikuwa nao, ila kisu hakikupita mahali penyewe.

Bakteria anayehusika hapa ni Mycobacterium bovis, ambaye ni jamaa wa karibu wa Mycobacterium tuberculosis, yule anayesababisha sehemu kubwa ya kifua kikuu cha binadamu. Kule Hispania hukutwa pia Mycobacterium caprae, aliyezoeleka zaidi kwa mbuzi. Jina la M. bovis huwafanya watu wengi waamini kwamba ni ugonjwa wa ng'ombe peke yao, na kosa hilo lina historia ndefu yenye heshima zake: Robert Koch mwenyewe, aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alisimama mbele ya mkutano wa London mwaka 1901 akadai kwamba aina ya ng'ombe haina madhara ya maana kwa binadamu. Ilichukua tume ya kifalme ya Uingereza miaka kumi, hadi ripoti yake ya mwisho ya 1911, kuthibitisha kwamba alikosea, na kwamba watoto waliokuwa wakivimba tezi za shingo kwa sababu ya maziwa mabichi walikuwa wakiugua ugonjwa huo huo wa ng'ombe.

Kwa nini basi tezi za chini ya taya? Nguruwe mwitu huishi kwa pua na mdomo. Hufukua udongo, hula mizoga na mabaki ya kulungu waliopasuliwa porini, na katika kiangazi cha Hispania, vidimbwi vinapobaki vichache, hunywa na kugaagaa pale pale walipokohoa na kunya wenzake, kulungu na ng'ombe. Bakteria wanaoingia kwa njia hiyo hunaswa kwanza kwenye mafindofindo, na maji ya limfu kutoka kichwani husafiri hadi kwenye tezi zile ulizozikata. Ndiyo maana katika nguruwe mwitu wenye ugonjwa huu tezi hizo huwa na kidonda karibu kila mara, na mkaguzi anayejua kazi yake huzikata kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachotokea ndani ya tezi kinafaa kuelezwa polepole, kwa sababu hapo ndipo penye jibu la hoja ya mwenzako. Bakteria hawa wamefunikwa na utando wenye nta nyingi. Seli za ulinzi ziitwazo makrofaji huwameza, kama zimezavyo kila mvamizi, lakini hushindwa kuwayeyusha, na bakteria huanza kuzaana ndani ya seli ile ile iliyotumwa kuwaua. Mwili huleta seli nyingine kuizunguka ile ya kwanza. Baadhi hubadilika umbo zikashikamana, nyingine huungana zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi. Kifundo hicho cha seli ndicho tunachokiita granuloma. Kadiri siku zinavyopita, katikati yake hukosa uhai na kugeuka kuwa unga mzito, mkavu, wenye rangi uliyoieleza. Kisha madini ya kalisi huanza kutuama humo, na nje yake hujengeka ukuta wa nyuzi ngumu. Mkwaruzo uliousikia kwenye makali ya kisu ulikuwa ni kalisi hiyo. Wataalamu hugawanya safari hii katika hatua nne, kuanzia kijifundo ambacho bila hadubini hukioni, hadi bonge lenye ukuta na chokaa kama lako; na si ajabu kuzikuta hatua zote nne ndani ya tezi moja, maana yake ugonjwa bado unaanza upya pembeni huku katikati umeshazeeka.

Kwa hiyo mwenzako alipatia nusu: kidonda kile kilikuwa cha zamani. Alipokosea ni kudhani kwamba cha zamani kimekufa. Ndani ya ule unga mkavu bakteria huweza kubaki hai kwa muda mrefu sana, wakiwa wachache na wamelala. Katika nguruwe mwitu huwa wachache kweli. Fundi wa maabara anayetumia rangi ya Ziehl-Neelsen, ambayo huwafanya waonekane kama vijiti vyekundu, anaweza kupekua kioo kizima kabla ya kumwona mmoja. Uchache huo ni habari njema kidogo kwako wewe uliyewagusa, lakini haumfanyi mnyama kuwa mzima.

Usaha wa kawaida wa jeraha una sura yake. Huwa laini au wa majimaji, mara nyingi una harufu mbaya, hukaa karibu na kovu, jino lililooza au risasi ya zamani, na kisu hupita bila kukwaruza. Hata hivyo nisikudanganye kwamba jicho linatosha. Wapo bakteria wengine wawili wanaotuchezea shere hata sisi tunaofanya kazi hii kila siku. Mmoja ni Rhodococcus equi, anayeishi udongoni na anayejulikana zaidi kwa kuua watoto wa farasi. Katika tezi za nguruwe hutengeneza vidonda vinavyofanana na hivi kwa namna ya kukera. Wa pili ni kundi la Mycobacterium avium, lenye asili ya ndege, maji na udongo, ambalo huwapata pia nguruwe wa kufugwa. Kaskazini mwa Italia hukutwa na wa tatu, Mycobacterium microti, anayetoka kwa panya wa mashambani, na vidonda vyake kwa macho ni vile vile. Nikipewa tezi yako mezani, nitasema "inashukiwa", nami sitathubutu kusema zaidi ya hapo.

La mnyama kuwa mnene halithibitishi chochote. Nguruwe mwitu huubeba ugonjwa huu kwa ustahimilivu wa kushangaza. Wapo waliofunguliwa wakiwa na mafuta mazuri mgongoni huku mapafu yamejaa vifundo. Kukonda huja mwishoni, na wengi hupigwa risasi kabla ya kufika huko.

Jambo ninalosikitika nalo zaidi katika barua yako ni mapafu ambayo hayakutazamwa, kwa sababu mahali vidonda vilipo husimulia mengi kuliko ukubwa wake. Tezi za kichwani peke yake humaanisha kwamba uchafu uliingia kwa mdomo na mwili umeuzuilia mlangoni. Vidonda katika mapafu na tezi za kifuani, au katika maini, wengu na tezi za utumbo, humaanisha kwamba ugonjwa umesambaa, na mnyama wa namna hiyo alikuwa akiumwaga kwa makohozi, kamasi na kinyesi. Linganisha nchi mbili utaona. Kaskazini mwa Australia, katika miaka ya 1970, karibu nusu ya nguruwe wa porini waliochunguzwa katika eneo moja walikuwa na vidonda, lakini vidonda hivyo vilikuwa zaidi vya tezi za kichwani: nguruwe walikuwa wakila mizoga ya nyati wa kigeni waliokuwa wagonjwa. Nyati hao walipoondolewa katika kampeni ya kutokomeza kifua kikuu cha ng'ombe, iliyoanza 1970 na kuifikisha nchi kwenye hadhi ya kutokuwa na ugonjwa mwaka 1997, maambukizi ya nguruwe yalishuka hadi chini ya asilimia 1, ingawa nguruwe wenyewe hakuna aliyewamaliza. Walikuwa mwisho wa njia. Hispania mambo ni mengine: nguruwe wengi wana vidonda vya kifuani, wanaambukizana wao kwa wao, na ugonjwa huendelea hata mahali ambapo ng'ombe hawapo. Mashamba ya uwindaji yaliyozungushiwa uzio, malisho ya ziada yanayomwagwa sehemu moja, na vidimbwi vichache vya kiangazi vimewasongamanisha wanyama hawa kwa namna ambayo msitu wenyewe usingeweza.

Hapo ndipo ushauri wa "kata utupe" unapoonekana upungufu wake. Taratibu za ukaguzi wa nyama za Umoja wa Ulaya haziko mbali sana na wazo la mwenzako kama linavyosikika: kidonda kikikutwa katika tezi za kiungo kimoja tu, inaruhusiwa kukataa sehemu hiyo na tezi zake tu; vikikutwa katika viungo au sehemu kadhaa za mzoga, nyama yote hukataliwa. Lakini uamuzi wa kwamba ni kiungo kimoja tu hutolewa na daktari wa mifugo mwenye mamlaka, baada ya kukagua kichwa, mapafu, maini, wengu na tezi za utumbo. Ninyi mlitoa hukumu bila kuwasikiliza mashahidi wengine. Isitoshe, kuipasua tezi ndiyo hatua yenye hatari kuliko zote katika kazi yako, kwani mpaka hapo bakteria walikuwa wamefungiwa ndani ya ukuta wao. Kisu kikishapita, wamo kwenye makali, vidoleni, na kila mahali kisu kitakapogusa baadaye, hata kwenye lile paja.

Kwa mara ijayo, basi, ukiona tezi iliyovimba, usiipasue. Acha kichwa na viungo vya ndani vikiwa vimeambatana na namba ya mzoga, mwite daktari wa mifugo wa msako, na umwachie yeye. Vaa glavu za nitraili, mbili mbili ukiweza, maana mfupa uliovunjwa na risasi hutoboa moja kwa urahisi. Kisu hakitakasiki kwa kufutwa kwenye nyasi wala kwa dawa yoyote ya kusafishia jikoni. Ule utando wa nta niliouelezea ndio unaozifanya dawa nyingi za kawaida zishindwe, na damu na mafuta huifanya hata jiki ipoteze nguvu. Kwenye machinjio ya Ulaya visu huchovywa katika maji ya sentigredi 82, na ndoo ya maji yanayotoka kuchemka inakufanyia kazi hiyo hiyo porini, ukishakiosha kisu kwa sabuni kwanza.

Tuje kwako. Njia tatu zingeweza kukuingizia bakteria: kuvuta hewa yenye matone madogo, kumeza, au kupitia ngozi iliyochubuka. Mchubuko wako ndio unaostahili kuangaliwa. Jimboni Michigan, Marekani, ambako ugonjwa huu umo kwa kulungu wa porini, mwindaji mmoja alijijeruhi kidole cha shahada kwa kisu mwaka 2004 alipokuwa akimpasua kulungu mwenye vidonda, na kidole hicho kikapata kifua kikuu cha M. bovis. Matukio ya namna hiyo ni machache mno ukilinganisha na maelfu ya watu wanaopasua wanyama kila mwaka, lakini yapo, na yana sura inayotambulika: kinundu au kidonda kwenye sehemu iliyochubuka kinachokataa kupona kwa wiki kadhaa, mara nyingine chenye rangi ya zambarau, pamoja na mtoki kwenye kiwiko au kwapani upande huo huo. Ukiona hivyo, usisubiri tarehe ya kipimo. Nenda kituo cha afya siku hiyo.

Kama kidole kimepona bila dosari, bado ninakushauri umwone daktari wiki hii, kwa utulivu, umweleze ulichogusa. Kuna vipimo viwili vya kujua kama mwili umeshakutana na bakteria hawa. Kile cha ngozi, cha tuberkulini, kinaweza kukupa jibu la kupotosha kwa sababu ya chanjo yako ya utotoni; cha damu, kinachopima interferoni-gama, hakibabaishwi na chanjo hiyo, na kinawatambua M. bovis sawasawa na bakteria wa binadamu. Vyote viwili vinahitaji muda: mwili huchukua wiki 8 hadi 10 tangu kugusana na ugonjwa kabla ya kutoa jibu la kuaminika. Kwa hiyo kipimo cha leo, wiki ya tatu, kina kazi moja tu, nayo ni kuonyesha ulikuwaje kabla. Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki kazi hiyo ni muhimu, kwani wengi wetu tulikutana na kifua kikuu cha kawaida utotoni bila kujua, na pasipo kipimo cha kwanza hakuna atakayeweza kusema kama jibu chanya la baadaye limetoka kwa nguruwe au kwa jirani wa miaka ishirini iliyopita. Cha pili kifanyike wiki ya kumi itakapotimia.

Kuhusu kovu la begani, usiliegemee sana. Chanjo ya BCG ilitengenezwa na Calmette na Guérin kutokana na M. bovis mwenyewe, aliyepunguzwa makali kwa kuoteshwa tena na tena tangu 1908 hadi mtoto wa kwanza alipopewa mwaka 1921, na huwakinga watoto wachanga vizuri dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini. Kwa mtu mzima kinga hiyo huwa imepungua kiasi cha kutotegemewa.

Hata kipimo cha pili kikiwa chanya, kuambukizwa hakumaanishi kuugua. Kati ya watu kumi walioambukizwa kifua kikuu na wenye kinga nzuri, tisa au zaidi hawaugui maisha yao yote, na daktari anaweza kukupa dawa za kuupunguza uwezekano huo zaidi. Hesabu hiyo hubadilika kwa mwenye VVU asiye kwenye dawa, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia dawa za kushusha kinga, na mtoto mdogo sana; kama uko katika mojawapo ya makundi hayo, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Lipo na jambo jingine ambalo ni lazima alisikie kutoka kwako, kwa kuwa hawezi kulikisia: kwamba uligusa nguruwe mwitu anayeshukiwa kuwa na M. bovis. Bakteria huyu ana usugu wa asili dhidi ya pirazinamaidi, mojawapo ya dawa nne za kwanza za kifua kikuu. Mgonjwa anayetibiwa kama wengine wote, bila mtu kujua chanzo, anatibiwa akiwa na dawa moja pungufu. Ukija kupata kikohozi kinachozidi wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, hata baada ya mwaka au miwili, rudia maelezo hayo hayo na uombe sampuli ioteshwe na aina ya bakteria itambuliwe kwa jina.

Watoto, kama walikula tu na hawakushika nyama mbichi, hawahitaji kipimo kwa sababu ya chakula hicho. Daktari wao ataamua vinginevyo akiona sababu. Ninalotaka kukuuliza kuhusu chakula hicho ni jambo jingine kabisa, ambalo hukulitaja: je, kipande cha misuli kilipelekwa kupimwa trikina, yaani minyoo midogo sana ya nyama? Nchini Hispania kipimo hicho ni cha lazima kwa kila nguruwe mwitu anayeliwa, hata yule wa kuliwa nyumbani tu bila kuuzwa, na kina sababu yake. Minyoo hiyo hukaa ndani ya misuli yenyewe, na homa, kuvimba kope na maumivu makali ya misuli huanza ndani ya wiki chache. Mkiwa wiki ya tatu na hakuna mwenye dalili, na nyama iliiva, naona mmevuka salama; lakini akitokea mmoja mwenye dalili hizo, hiyo ni safari ya hospitali na si ya kusubiri.

Mbwa nao wamepita kwenye tundu la sindano. Matumbo mabichi ya nguruwe mwitu huko yanaweza kuwa na virusi vya ugonjwa wa Aujeszky, ambao humfanya mbwa ajikune hadi ajijeruhi na kumuua ndani ya siku chache; kwa kuwa wiki tatu zimepita na wako hai, hilo limekwisha. Kifua kikuu kwa mbwa huja taratibu zaidi. Mwishoni mwa 2016 na mwanzoni mwa 2017 kundi la mbwa wa uwindaji Uingereza lilikumbwa na mlipuko wa M. bovis, na makumi ya mbwa walilazimika kuuawa. Kulishwa mabaki mabichi ya mifugo kulishukiwa zaidi kuwa chanzo. Mbwa wako akianza kukohoa, kukonda au kutapika mara kwa mara katika miezi ijayo, daktari wa mifugo aambiwe walichokula. Na mabaki ya msako yasiachwe porini: tangu amri ya kifalme namba 50 ya mwaka 2018, Hispania ina taratibu maalumu za kuyakusanya, kuyafukia au kuyaweka mahali palipozungushiwa uzio ambapo tumbusi wanaweza kushuka lakini nguruwe hawawezi kuingia. Rundo la matumbo linaloachwa chini ya mwaloni huliwa usiku ule ule na nguruwe wengine, na mzunguko niliokueleza hapo juu huanza tena.

Ndugu zako Tanzania hawali mnyama yule yule. Ngiri ni wa jenasi nyingine, ingawa naye anaweza kuupata ugonjwa huu. Magharibi mwa Uganda, katika hifadhi iitwayo leo Queen Elizabeth, ngiri walikutwa na vidonda vya M. bovis tangu miongo mingi iliyopita, mahali ambapo nyati nao walikuwa wagonjwa. Kwa mlaji wa nyama iliyopatikana kwa kibali, ikakaguliwa na ikapikwa ikaiva, sioni sababu ya hofu. Kama ukiwapigia simu na una nafasi ya kuwaonya jambo moja tu, waonye kuhusu maziwa mabichi ya ng'ombe, kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo bakteria huyu amewaingia watu wengi zaidi, huko kwetu na kwingineko.

Imebaki ile nusu ya paja kwenye friza. Baridi haiwaui bakteria hawa. Sisi wenyewe maabara huwahifadhi kwa kuwagandisha. Kuitia chumvi na kuianika, kama wenyeji wanavyofanya na soseji zao, nako si njia ya kuitegemea, wala kugandisha hakuaminiki kwa trikina wa wanyama wa porini. Kupika kungeimaliza hatari, lakini mnyama mwenye tezi kama zile, ambaye mapafu yake hayakuonwa na mtu na ambaye kisu kilichopasua tezi ndicho kilichokata nyama yake, mimi nisingemrudisha jikoni ambako watoto wanakata saladi. Ifungie katika mifuko miwili bila kuiyeyusha, uipigie simu ofisi ya mifugo ya eneo lako, uwaeleze ulichokiona, na uwaulize kama wanaitaka kwa uchunguzi. Wasipoitaka, watakuelekeza pa kuiteketeza. Usiwape mbwa.